Mchumba wa Kutoka Buna na Hoja ya Kafaa

Limetufikia swali kutoka kwa msomaji wetu mmoja wa Mombasa, mzee mwenye heshima zake, ambaye hatutalitaja jina lake wala mtaa wake. Ana binti aliyekwisha soma na kutimia akili, na amekuja kumposa kijana anayesomesha Qurani katika chuo kimoja cha hapa mjini. Kijana huyo ni mzaliwa wa Buna, upande wa Wajir. Muulizaji asema kwamba yeye amemridhia, na binti amemridhia, na watu waliosali nyuma ya kijana huyo Ramadhani mbili wamemshuhudia kwa wema. Lakini ami zake binti wamekataa. Hoja yao, kama tulivyoandikiwa, ni kwamba asili ya kijana haijulikani: akiulizwa kabila hujibu kwamba yeye ni Msomali, Muajuran, na akizungumza na mamake kwa simu husikiwa akinena Kiborana. Ami mmoja akasema mbele ya watu kwamba mtu asiyenena hata lugha ya kabila lake haingizwi katika nyumba ya watu. Mwengine akacheka, akamalizia kwa methali tuliyoisikia sote tangu utotoni: Mgala muuwe na haki yake mpe. Kijana alikuwako hapo barazani. Alinyamaza, akaaga, akaondoka.

Muulizaji ataka kujua mambo mawili. Je, sharia imewapa ami hao uwezo wa kuzuia? Na yeye baba, akiwafuata nduguze ili kuepusha fitina katika ukoo, atakuwa na makosa mbele ya Mwenyezi Mungu?

Swali hili tulilisoma katika darsa zetu tatu zilizofuatana, na yalisemwa mengi, mengine kwa sauti ya juu. Tumeonelea kulijibu kwa urefu, kwa kuwa hatuamini kwamba ni swali la nyumba moja.

Tuanze na Buna penyewe. Sisi watu wa pwani tumezoea kuizungumza nchi ile kana kwamba ni jua na ngamia basi, na watu wake wote ni wamoja. Buna ni mji mdogo ulioko kwenye njia itokayo Wajir kwenda Moyale, kuelekea mpaka wa Uhabeshi. Waliosoma habari za Vita Vikuu vya Pili huenda wakalikumbuka jina lake, kwani mwaka 1940 majeshi ya Waitalia yalipoitwaa Moyale yalishuka hadi Buna. Watu wake wengi ni Waajuran, nao ni wafugaji na ni Waislamu. Majirani zao ni Wadegodia, Wagarre na Waborana.

Sasa, Waajuran kwa nasaba wajihesabu katika Wasomali, na Wasomali wenzao wawahesabu hivyo. Lakini wengi wa wale wa kaskazini ya Wajir hunena Kiborana majumbani mwao, na lugha hiyo ni tawi la Kioromo. Wagarre nao wako wengi wenye hali hiyo hiyo. Sababu yake si siri. Mababu zao kwa zama nyingi walichunga na kunywesha pamoja na Waborana, chini ya amani ya Waborana, na mtu hujifunza lugha ya kisima anachonyweshea. Nasaba ikabaki ya baba, ulimi ukawa wa majirani. Basi kijana aliposema kwamba yeye ni Muajuran alisema kweli, na aliponena Kiborana na mamake hakuificha kweli hiyo. Aliyekuwa hajui asili ya watu wa Buna ni ami, si kijana.

Na je, jambo hili ni geni kwetu? Wako wangapi katika Mji wa Kale ambao nasaba yao ni ya Hadhramaut au Oman, babu wa babu yao alishuka Lamu au Mombasa na jahazi ya kaskazi, na leo hawana Kiarabu ila kile cha Sala? Hatujasikia hata siku moja mtu akisema kwamba hao hawajui kabila lao kwa kuwa wanena Kiswahili. Nduguzetu Wabarawa mji wao uko Somalia, na lugha yao ya Chimini ni ndugu wa Kiswahili chetu. Nao twawaoza na twaoa kwao. Mchanganyiko ukiwa wetu huuita uungwana. Ukiwa wa mtu wa Buna huuita kutojulikana.

Lakini itakuwa si insafu kuwalaumu ami peke yao, kwa sababu swali la "wewe ni Msomali au Mborana?" halikuanzia barazani pao. Limekazwa na dola. Uingereza ilipoitawala nchi ile iliiita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Ikaiwekea sheria ya 1902 ya wilaya za pembeni. Mwaka 1926 ikawa nchi iliyofungwa, haingii mtu wala hatoki ila kwa ruhusa. Na sheria ya 1934 ikawapa maofisa uwezo mkubwa zaidi wa kuwafungia watu wa makabila katika mipaka ya malisho yao. Na katika malisho hayo ukapigwa mstari: upande wa mashariki Wasomali, upande wa magharibi wale walioitwa Wagala. Muajuran akasimama wapi? Nasaba yake ni ya upande huu, ulimi wake ni wa upande ule, na ngamia wake hawajui mstari. Ikambidi ajibu kwa neno moja, kwa kuwa daftari la karani lina nafasi ya neno moja tu.

Hatusemi kwamba ubaguzi uliletwa na Mwingereza ndani ya sanduku. Watu walipigana juu ya maji kabla ya bendera yoyote kutweka. Tusemalo ni kwamba jina la kujuana liligeuzwa kuwa jina la kugawiwa, na mtu akajua kwamba jibu lake ndilo litakaloamua wapi atanywesha.

Na wala sisi hatukusalimika. Sheria za kodi, tangu ile ya 1910, ziliwagawa watu wa pwani kuwa wenyeji na wasio wenyeji. Mwarabu akawa si mwenyeji. Mswahili wa Miji Kumi na Miwili akatiwa katika wenyeji. Hapo Thalatha Taifa na Tisa Taifa wakakaa miaka wakiomba wahesabiwe pamoja na Waarabu, na watu waliokuwa wakisimama safu moja wakaanza kutoleana nasaba hadharani. Mwaka 1919 Wasomali wa Isaq na Herti nao wakatolewa katika hesabu ya wenyeji kwa sheria yao makhsusi. Kila mmoja akashindania cheo katika daftari la mtu mwengine. Wazee wetu tusiwacheke, kwani cheo hicho kilikuwa na maana katika kodi na katika mahakama. Lakini daftari lile limekwisha kazi yake, na twaona ajabu kwamba ingali wako wanaolisoma kila inapoletwa posa.

Kwa watu wa kaskazini daftari halikukoma na uhuru. Vilikuja vita vya shifta, tangu 1963 hadi 1967, na watu wakakusanywa na mifugo yao katika kambi zenye walinzi. Novemba 1980 mtaa wa Bula Kartasi, Garissa, ulitiwa moto na askari na watu wakauawa. Februari 1984 wanaume wa Kidegodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakawekwa juani siku kadhaa bila ya maji, wakauawa. Serikali ilikiri maiti 57, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema kwamba waliokufa wakaribia 1,000. Mwaka 1989 kila Msomali wa Kenya aliyetimia miaka 18 aliamrishwa ahudhurie mbele ya jopo athibitishe uraia wake kwa kueleza ukoo wake, ndipo apewe kadi ya rangi ya waridi. Makabila mengine hayakuombwa hayo. Aprili 2014 maelfu ya Wasomali walikamatwa Nairobi na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Na vijana wa kaunti zile walipofika umri wa kitambulisho walikuwa wakipitishwa katika mchujo ambao mtoto wa Nyeri au Machakos hakuujua. Amri ya kuuondoa ilitiwa sahihi na Rais Ruto huko Wajir mwezi wa Februari 2025.

Tumeyataja haya ili ami aelewe uzito wa swali aliloliuliza. Mtu wa Buna wa umri huu hakuulizwa asili yake mara ya kwanza barazani Mombasa. Ameulizwa katika vizuizi vya njiani na katika ofisi, na kila mara aliyeuliza alikuwa na uwezo wa kumzuia. Alipokuja kwa Waislamu wenzake kuomba jambo la halali, akakuta kizuizi kingine, nacho kimewekwa na watu aliowasalisha tarawehe.

Na hao hao tunaowashuku tumewaona siku ya mtihani. Novemba 2014 basi lililokuwa likitoka Mandera lilisimamishwa na magaidi. Wasiokuwa Waislamu wakatengwa na wenzao, wakauawa watu 28. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2015, basi jengine lilikuwa likienda Mandera likasimamishwa karibu na El Wak, wakaamrishwa tena wajitenge. Mara hii abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo waliokuwa nao. Miongoni mwao alikuwa mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi akafa kwa majeraha yake Januari 2016. Watu hao walikuwa wamekwisha ujua mstari wa kugawa watu kwa jina, wakajua na mwisho wake.

Sasa tuingie katika dini.

Aya ya 13 ya Sura ya Hujurat husomwa katika kila harusi na kila mkutano, hata imekuwa kama pambo. Sababu iliyotajwa humo ya kuwako mataifa na makabila ni moja tu, nayo ni kujuana. Na kipimo cha utukufu kilichotajwa humo ni ucha-Mungu. Hapana mahali katika aya hiyo palipokanusha kabila. Kwa hiyo wale vijana wetu wanaosema kwamba Muislamu hafai kujua ukoo wake wamezidisha. Wajua ukoo wako ili uunge jamaa zako na urithi wako uende kwa haki. Kosa laanzia pengine, na mahali hapo paonyeshwa vizuri na kisa cha kisima cha Muraysi.

Mtume, rehema na amani zimfikie, alikuwa katika vita vya Banu Mustaliq, na watu walikuwa wakisongamana kuteka maji. Watu wawili wakagombana: mmoja ni wa Ghifar, mtumishi wa Umar, na wa pili ni wa Juhayna, aliyekuwa na ahadi na Khazraj. Wa kwanza akapiga ukelele kuwaita Muhajirina, wa pili akawaita Ansari, na panga zikakaribia kutoka. Mtume akauliza imekuwaje kuitana kwa mwito wa zama za ujahili, akawaamrisha wauache kwa kuwa unanuka. Tutazame mambo mawili hapa. Muhajirina na Ansari ni majina ambayo Mwenyezi Mungu mwenyewe ameyasifu katika Qurani; hayakuwa majina mabaya. Yalinuka yalipofanywa mwito wa kundi dhidi ya kundi. Na la pili, wale wawili waliopiga kelele hawakuwa wa nasaba waliyoiita. Mmoja alikuwa mtumishi, mwengine mtu wa ahadi. Mara nyingi mwenye kupiga kelele zaidi juu ya asili ndiye aliyeingia kwa mlango wa nyuma. Hatumkusudii mtu.

Na kisa cha Abu Dharr chamhusu ami aliyecheka. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Abu Dharr aligombana na mtu, akamtukana kwa mamake, na mama huyo hakuwa Mwarabu. Mtume alipopata habari alimkemea kwa kumtukana mtu kwa mamake, akamwambia kwamba bado amebakiwa na ujahili; kisha akaeleza haki za walio chini ya mikono yetu, walishwe tulacho na wavishwe tuvaacho. Na aliyetupokelea kisa hiki ni Abu Dharr mwenyewe, siku alipoulizwa kwa nini yeye na mtumwa wake wamevaa nguo za namna moja. Alitangaza kosa lake ili watu wafaidike. (Wahubiri wetu husema kwamba aliyetukanwa ni Bilal, na kwamba Abu Dharr aliweka shavu lake chini ili likanyagwe. Katika Bukhari na Muslim jina la Bilal halimo, wala habari ya shavu haimo. Hadithi sahihi yatosha. Hapana haja ya kuitia chumvi.)

Ndugu msomaji, kijana wa Buna alichekwa kwa sababu gani? Kwa sababu ya lugha anayozungumza na mamake. Huko ni kutukanwa kwa mama, ila hakukutumiwa neno la matusi. Na Sura ya Rum, aya ya 22, imehesabu tofauti za ndimi na rangi zetu katika dalili za Mwenyezi Mungu, pamoja na kuumbwa mbingu na ardhi. Mwenye kucheka Kiborana na atazame anacheka kazi ya nani.

Ama methali ya Mgala, tuliijadili sana darsani, na mwenzetu mmoja aliitetea kwamba makusudio yake ni uadilifu: hata adui apewe haki yake. Tumekubali kwamba watu huitumia kwa maana hiyo. Lakini haki anayopewa humo apewa akiwa maiti, wala hapaulizwi kosa lake ni nini hata auawe. Mgala ni jina ambalo watu wa pwani waliwaita Waoromo. Wao wenyewe hawakujiita hivyo na hawalipendi. Waborana ni katika Waoromo. Methali ilizaliwa katika zama za vita vilivyokwisha kitambo, na leo aisikiaye ni Muislamu aliyekaa mkekani mwako akiomba kuwa mkweo. Mtu aweza kufundisha uadilifu bila ya kuanza kwa kuua.

Twajua kwamba ami watatuambia: nyinyi mnasema hadithi, na sisi tunasema madhehebu. Katika vitabu vya Shafii imo kafaa, na katika kafaa imo nasaba. Hatulifichi hilo. Imam Nawawi katika Minhaj amezihesabu sifa za kafaa: kusalimika na aila, uungwana wa kutokuwa mtumwa, nasaba, uchaji na kazi. Akasema pia kwamba asiye Mwarabu si kafaa wa mwanamke wa Kiarabu, na kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa nasaba huangaliwa hata baina ya wasio Waarabu. Hayo yamo, na wenye kusema kwamba hayamo hawajakifungua kitabu.

Lakini mwenye kutoa hoja ya kitabu asome ukurasa mzima. Kwanza, kafaa si sharti ya kusihi nikaha. Ni haki ya mwanamke na walii wake, nao waweza kuiacha. Pili, walii wa karibu akimwoza kwa ridhaa yake mtu asiyekuwa kafaa, walii wa mbali hana la kupinga. Hili li wazi katika Minhaj hiyo hiyo. Baba akiwako, ami ni walii wa mbali. Basi hata tukiwakubalia ami kila walilolisema juu ya kijana, hukumu ya kitabu chao haiwapi uwezo wa kuzuia. Wana haki ya kutoa nasaha, na wameshaitoa.

Tatu, kipimo chenyewe kitawarudia. Wasomali wengi husimulia kwamba ukoo wao wafika kwa Akil bin Abi Talib, ami wa Mtume alikuwa babake. Wengi wetu husimulia Shirazi, Hadhramaut na Oman. Mmoja katika sisi akitaka kumpima mwenzake kwa kipimo hicho, ataona kwamba mwenzake naye ameshika mizani hiyo hiyo, na pengine yake ni nzito zaidi. Sisi hatuna haja ya kuthibitisha wala kubatilisha silisila ya mtu. Twasema tu kwamba ami hawakuchunguza yao kwa ukali waliomchunguza mgeni.

Nne, maulamaa hawakukubaliana. Mashuhuri katika madhehebu ya Imam Malik ni kuwa kafaa ni katika dini na kusalimika na aila. Na Bukhari ameweka mlango katika Kitabu cha Nikaha, akauita mlango wa kafaa katika dini, na hadithi aliyoianzia ni ya Salim. Huyu Salim alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na mwanamke wa Kiansari, babake hakujulikana, hata akawa huitwa Salim wa Abu Hudhayfa kwa kuwa Abu Hudhayfa alimlea. Abu Hudhayfa, naye ni bwana mkubwa wa Kikureshi, akamwoza bintiye ndugu yake, Hind binti Walid. Ami ndiye aliyeoza! Na Salim alikuwa na nini? Alikuwa na Qurani. Muhajirina wa mwanzo walipofika Kuba kabla ya Mtume kuja Madina, aliyewasalisha ni yeye, kwa kuwa alikuwa amehifadhi kuliko wao. Na Mtume alimtaja katika watu wanne wa kuchukuliwa Qurani kwao. Kadhalika Mtume alimshauri Fatima binti Qays, Mkureshi, aolewe na Usama, mtoto wa Zayd aliyekuwa mtumwa. Kwanza hakupenda, kisha akakubali, akasimulia mwenyewe kwamba aliona kheri. Na aliwaambia Banu Bayadha waoze na waoe kwa Abu Hind, mpiga chuku.

Hapa hatuna budi kusema neno na upande wa pili, tusije tukadhaniwa kwamba twawaona watu wa kaskazini kuwa ni malaika. Huko nako wako wahunzi na wafanyaji kazi za ngozi, Watumal na Wamidgan, ambao Wasomali wa koo kubwa hawawaozi wala hawaoi kwao, ilhali ni Waislamu wenzao na kosa lao ni kazi ya mikono. Na wako wale wenye nywele za kipilipili, jareer, katika kambi za wakimbizi za Dadaab na kwengineko, ambao wengine wao asili yao ni Wazigua wa Tanga waliochukuliwa utumwani karne ya 19 na bado hunena Kizigua. Hao wamedharauliwa na watu ambao leo walia kwa kudharauliwa. Huenda jamaa za kijana wetu nao wakainua nyusi wakisikia kwamba mwana wao ataka kuoa Mswahili.

Wajir yenyewe ilionja matunda yake. Miaka ya 1992 na 1993 Waajuran, Wadegodia na Waogaden walipigana hata wanawake sokoni wakawa hawauziani, kila mmoja akitazama kabila la mteja kabla ya kupima maziwa. Na walioanza kuizima fitina hiyo ni wanawake. Walikutana watu wa koo mbalimbali, miongoni mwao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, wakaweka kamati ya kuangalia soko, kwamba mwanamke wa kabila lolote auze na anunue. Anayebaguliwa alete mashtaka. Kisha wakawaendea wazee, na Septemba 1993 wazee wakatia sahihi mapatano ya Al-Fatah. Vita havikukoma moja kwa moja, na miaka ya baadaye vilirudi mara kwa mara. Lakini soko lilifunguliwa, na lilifunguliwa na watu wasiokuwa na cheo, kwa kuanza na jambo dogo la nani amuuzie nani. Twapendekeza wanawake wa mtaa wa muulizaji wasikie habari hii, kwa kuwa tumeambiwa kwamba na mashangazi nao wana maneno yao.

Basi jawabu yetu kwa ndugu muulizaji ni hii. Ami hawana uwezo wa kuzuia kwa sharia maadamu wewe uko na binti ameridhia. Ama wewe kuwafuata, tazama: ikiwa binti ameridhia mtu mwenye dini na tabia, na wewe umemwona hivyo, na huna sababu ila maneno ya barazani, kumzuia huko kwakaribia ule uzuiaji ambao maulamaa wameuita adhli. Mwanamke aliyezuiliwa hivyo, na mchumba akawa ni kafaa wake, ana haki ya kupeleka shauri lake kwa kadhi, na kadhi akamwoza. Twakuombea jambo lisifike huko. Fitina unayoiogopa ya nduguzo ni kweli iko, lakini na kumvunja binti kwa jambo ambalo wewe mwenyewe hulioni kuwa ni aibu, nako ni fitina, nayo itakaa ndani ya nyumba yako.

Ulizia unayopaswa kuyauliza. Je, kijana ana mke mwengine Buna? Ana madeni? Mshahara wa chuo wamtosha kuweka nyumba? Binti atakaa Mombasa, au atatakiwa kuhamia kaskazini, na yeye binti asemaje juu ya hilo? Ni hasira? Wapelekwe watu wawili Wajir na Buna wakaulize, kama ambavyo tungeuliza mchumba wa Lamu au Vanga, na waulize hayo. Likipatikana la kweli la kukataa, kataeni kwa hilo.

Lakini kabla ya hayo liko jambo moja, na twalitaka lifanywe wiki hii. Neno lilisemwa mbele ya watu, basi lisafishwe mbele ya watu. Ami aliyetaja methali amwendee kijana, au amwite pale pale barazani na watu wale wale wawepo. Akiona vizito kwenda peke yake, wawili katika sisi tutafuatana naye. Na ikiandikwa nikaha, mamake kijana akaja Mombasa, atafutwe mwanamke anayejua Kiborana akae naye siku zile, asiwe bubu katika harusi ya mwanawe.